Nani Ashike Ufunguo? Uteuzi wa Mfumo wa Kutunza Nywila katika Kampuni ya Wastani

Ikisiri

Makala hii inajadili suala ambalo kwa muda mrefu limeachiwa mafundi wa kompyuta peke yao, yaani namna kampuni ya wastani inavyoweza kuteua mfumo wa kutunza nywila zake. Kwanza tunaeleza kiini cha tatizo, kisha jinsi mfumo wa aina hii unavyofanya kazi, halafu tunapendekeza vigezo saba vya uteuzi. Mwishoni tunadai kwamba lugha yenyewe ni kimojawapo cha vigezo hivyo, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ana mchango wake mahsusi katika kazi hii.

1.0 Utangulizi

Mwandishi wa makala hii alipokuwa akifanya mafunzo ya nyanjani katika kampuni moja ya uchapishaji jijini Nairobi, mhariri mwandamizi wa idara ya Kiswahili alifariki ghafla siku ya Jumamosi. Jumanne iliyofuata kampuni ilipaswa kuwasilisha miswada miwili kwa njia ya mtandao, na akaunti ya kuiwasilishia ilikuwa imesajiliwa kwa anwani ya barua pepe ya marehemu. Hakuna aliyejua nywila yake. Meneja alimwagiza katibu ampigie mjane simu. Tulikuwa chumbani humo, tukasikia yote. "Mama, poleni sana na msiba," katibu alianza, kisha akasita, maana swali alilotumwa kuliuliza halikuwa na namna ya kuulizwa kwa heshima. Alipouliza hatimaye, mjane alimjibu kwa upole, "Mwanangu, hata ya simu yake sikuwahi kuijua." Miswada haikuwasilishwa. Akaunti ilifunguliwa baada ya wiki tatu za barua na nakala za vyeti, na wakati huo muda wa kupokea miswada ulikuwa umekwisha. Waandishi wawili walipoteza kazi ya mwaka mzima.

Tukio hilo linatufunza mambo mawili. La kwanza ni kwamba nywila ya kampuni si mali ya mtu mmoja, hata kama ni yeye aliyeibuni. La pili ni kwamba hasara haikutokana na mwizi wala na hitilafu ya mitambo. Ilitokana na kampuni kutowahi kujiuliza swali moja jepesi: nani ashike ufunguo?

Kwa mintarafu ya makala hii, kampuni ya wastani ni ile yenye wafanyakazi baina ya 50 na 300 hivi. Kampuni ya kadiri hii imeshavuka hali ya duka ambamo watu watatu wanafahamiana na kuaminiana kwa kila jambo. Hata hivyo, haijafikia hadhi ya benki yenye idara nzima ya usalama wa kompyuta. Mara nyingi ina fundi mmoja au wawili, mhasibu mkuu, na wafanyakazi wengi wanaotumia akaunti ambazo hawakuzisajili wenyewe. Wengi wa wahitimu wa Kiswahili huajiriwa katika kampuni za namna hii: mashirika ya uchapishaji, vituo vya redio na ofisi za tafsiri. Kwa hiyo mjadala huu unawahusu wasomaji wa jarida hili moja kwa moja.

2.0 Kuhusu Istilahi

Kabla ya kusonga mbele ni vyema kukubaliana juu ya maneno. Kwa dhana tunayoijadili, Kiswahili kina istilahi zinazoshindana: nywila, nenosiri na neno la siri. Hapa tumeteua nywila kwa kuwa ni fupi, haibadiliki katika wingi, na haimfanyi mtumiaji adhani kuwa lazima siri hiyo iwe neno moja. Kama tutakavyoona, dhana hiyo ya neno moja ni chanzo cha udhaifu mwingi.

Kuna utata mwingine unaostahili kutajwa. Nchini Kenya, herufi PIN hutumiwa kwa maana mbili zinazopingana. Katika huduma ya M-Pesa, iliyoanzishwa mwaka wa 2007, PIN ni tarakimu nne ambazo mwenyewe hapaswi kumwambia yeyote. Kwa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, PIN ni nambari ya mlipaushuru ambayo huandikwa kwenye stakabadhi na kutolewa kwa kila anayeihitaji. Karani mpya anapoambiwa "nipe PIN ya kampuni", atajuaje kama anaombwa jambo la wazi au la siri? Hapa pana ushahidi kwamba usalama wa taarifa huanza na usahihi wa lugha.

3.0 Kiini cha Tatizo

Nywila za kompyuta zina umri wa zaidi ya miaka 60. Miongoni mwa mifumo ya mwanzo kuzitumia ni CTSS, uliobuniwa katika chuo cha MIT nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960 chini ya uongozi wa Fernando Corbató. Udhaifu wake haukukawia kujitokeza. Mnamo 1962 mtafiti mmoja wa chuo hicho, Allan Scherr, aliyetaka muda zaidi wa kutumia mashine kuliko aliopangiwa, aliagiza faili la nywila lichapishwe kwenye karatasi, akalichukua. Mnamo 1966 faili hilo lilichanganywa kwa bahati mbaya na ujumbe wa kuwakaribisha watumiaji, na kila aliyeingia akaziona nywila za wote.

Kosa lilikuwa kuzihifadhi nywila kama zilivyoandikwa. Suluhisho lilifafanuliwa mwaka wa 1979 na Robert Morris na Ken Thompson walipoeleza utaratibu wa mfumo wa Unix. Utaratibu wenyewe unaweza kulinganishwa na kinu. Nywila husagwa kihisabati mithili ya mahindi, na kinachohifadhiwa ni unga tu. Mtumiaji akirudi, nywila anayoitaja husagwa upya na unga huo kulinganishwa na ule wa awali. Mwizi akiiba unga hawezi kuurudisha uwe punje. Tena, kabla ya kusaga, mfumo hutia kiasi kidogo cha herufi za bahati nasibu ambazo wataalamu huziita chumvi, ili watu wawili wenye nywila moja wasipate unga unaofanana.

Ingawa maarifa haya yalikuwapo tangu 1979, si wote walioyazingatia. Mnamo Desemba 2009 kampuni ya RockYou ya Marekani iliibiwa nywila zaidi ya milioni 32 zilizokuwa zimehifadhiwa wazi kabisa. Iliyopendwa zaidi miongoni mwazo ilikuwa 123456. Mnamo 2012 LinkedIn nayo iliibiwa, na ilibainika kwamba nywila zake zilisagwa bila chumvi. Mwaka huohuo Dropbox ilikiri kwamba nywila iliyoibwa ilikuwa imetumiwa kuingia katika akaunti ya mfanyakazi wake, ambamo mlikuwa na hati yenye anwani za barua pepe za wateja.

Funzo ni wazi. Wizi unaotokea katika tovuti moja huwa ufunguo wa tovuti nyingine pale mtu anapotumia nywila ileile kila mahali. Naye huitumia kila mahali kwa sababu ya udhaifu wa kibinadamu: kumbukumbu haiwezi kubeba nywila 30 ndefu zisizofanana. Kampuni yenye wafanyakazi 120, kila mmoja akiwa na akaunti kumi tu, ina nywila 1,200. Zisipokuwa na mahali pake rasmi, zitapata mahali pasipo rasmi: nyuma ya kalenda, chini ya kibodi, katika jedwali linalosambazwa kwa barua pepe, au kichwani mwa mtu mmoja.

Kwa miaka mingi kampuni zilijaribu kutatua tatizo hili kwa amri. Mwongozo uliotolewa mwaka wa 2004 na Taasisi ya Kitaifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani (NIST) ulichangia kueneza desturi ya kudai herufi kubwa, tarakimu na alama, pamoja na kubadilisha nywila kila baada ya muda. Matokeo yake tunayajua sote: Nairobi1! hugeuka Nairobi2!, kisha Nairobi3!. Mnamo 2017 mwandishi wa mwongozo huo, Bill Burr, alikiri hadharani kwamba anajutia sehemu kubwa ya alichoshauri. Mwaka huohuo NIST ilibadili msimamo, ikahimiza urefu kuliko utata, ikaondoa ulazima wa kubadilisha nywila pasipo sababu, na ikataka nywila zilinganishwe na orodha za zile zilizokwisha kuvuja. Kampuni ambayo hadi leo inawalazimisha wafanyakazi kubadilisha nywila kila mwezi inafuata ushauri ambao mwenyewe aliyeutoa ameukana.

4.0 Mfumo wa Kutunza Nywila Hufanyaje Kazi?

Mfumo wa kutunza nywila ni programu inayofanana na kasha la Pwani lililotiwa kufuli. Ndani yake huwekwa nywila zote, nalo hufungwa kwa nywila kuu moja. Mtumiaji hukariri hiyo moja tu. Zilizobaki hubuniwa na programu yenyewe, ndefu na zisizo na maana yoyote, na programu huzijaza katika kivinjari zinapohitajika.

Yaliyomo kashani husimbwa, yaani hugeuzwa yasisomeke bila ufunguo. Ufunguo huo hutokana na nywila kuu baada ya kusagwa maelfu ya mara, kwa makusudi ya kumchelewesha anayejaribu kuibahatisha. Njia moja ya kusaga huitwa PBKDF2. Nyingine, Argon2, ilishinda mwaka wa 2015 shindano la kimataifa la kutafuta njia bora ya kazi hiyo.

Kuna faida moja ambayo wengi hawaifahamu. Mlaghai anapomtumia mhasibu kiungo cha ukurasa bandia unaofanana kabisa na wa benki, jicho la mhasibu laweza kuhadaika. Programu haiangalii sura ya ukurasa bali anwani yake. Anwani ikiwa na herufi moja isiyo yake, programu haijazi kitu. Mhasibu akiona programu imenyamaza mahali inapojaza kila siku, hana budi kusita na kuuliza.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba kuweka funguo zote katika kasha moja ni kumrahisishia mwizi. Hoja hii haiwezi kupuuzwa. Mnamo 2022 kampuni ya LastPass, mojawapo ya watoaji mashuhuri wa huduma hii, ilivamiwa. Wavamizi walifika hadi kwenye kompyuta ya nyumbani ya mhandisi wake mmoja, wakanasa nywila yake kuu, na hatimaye wakachukua nakala za makasha ya wateja. Nywila zilizokuwamo zilikuwa zimesimbwa, ila anwani za tovuti hazikusimbwa. Aidha, baadhi ya akaunti za zamani zilikuwa zimewekewa idadi ndogo mno ya mizunguko ya kusaga. Aliyekuwa na nywila kuu ndefu alibaki na kinga, ilhali aliyekuwa na nywila kuu dhaifu alilazimika kuhofia kila kilichokuwamo.

Kwetu sisi tukio hilo halithibitishi kwamba kasha halifai. Linathibitisha kwamba makasha hayalingani, na kwamba mnunuzi anapaswa kujua maswali ya kuuliza. Funguo zilizotawanywa katika madaftari 120 haziko salama zaidi. Tofauti ni kwamba zikiibwa hakuna atakayejua.

5.0 Vigezo vya Uteuzi

5.1 Nani anaweza kulifungua kasha?

Hiki ndicho kigezo cha kwanza kwa uzito. Mfumo unaofaa ni ule ambao mtoaji huduma mwenyewe hawezi kusoma yaliyomo, kwa kuwa usimbaji hufanyika katika kompyuta ya mtumiaji kabla ya chochote kutumwa. Mnunuzi aulize: je, anwani za tovuti na maelezo ya kando nayo husimbwa? Je, ni njia gani ya kusaga inayotumiwa, na mizunguko ni mingapi? Je, wakaguzi wa nje wameichunguza programu, na ripoti yao inaweza kusomwa? Baadhi ya mifumo huongeza ulinzi wa ziada. Kwa mfano, 1Password huchanganya nywila kuu na ufunguo mwingine mrefu unaokaa katika kifaa cha mtumiaji, hivi kwamba anayeiba kasha kutoka kwenye seva bado hukosa nusu ya pili.

5.2 Kasha liwekwe wapi?

Kuna njia tatu. Ya kwanza ni faili moja katika kompyuta ya kampuni, kama inavyofanya KeePass, programu huria iliyoanza mwaka wa 2003 na ambayo haitozi chochote. Inawafaa watu watatu au wanne. Kwa kampuni ya watu 120 ina kasoro kubwa: wote hufungua faili lilelile kwa ufunguo uleule, na anayeacha kazi anaweza kuondoka na nakala nzima.

Njia ya pili ni kulipia huduma iliyo kwenye seva za mtoaji, ambapo ada hutozwa kwa kila mtumiaji, aghalabu kwa dola. Kampuni haina budi kuhesabu gharama ya mwaka mzima na kuzingatia kupanda na kushuka kwa shilingi.

Njia ya tatu ni kuweka mfumo kwenye seva ya kampuni yenyewe. Bitwarden, ambayo chimbuko la programu yake ni wazi kwa umma na iliyoanza mwaka wa 2016, huruhusu njia ya pili na ya tatu. Njia hii ya tatu huvutia kwa sababu kampuni inashika kila kitu mkononi. Hata hivyo, inadai fundi wa kusasisha programu bila kuchelewa, umeme usiokatika, na nakala rudufu zinazojaribiwa mara kwa mara. Kampuni yenye fundi mmoja anayeitwa pia kurekebisha printa inafaa ijipime kwa uaminifu kabla ya kujitwika mzigo huu.

5.3 Kugawa na kurejesha

Katika kampuni, nywila nyingi ni za pamoja. Ukurasa wa kampuni katika mitandao ya kijamii na akaunti ya jina la tovuti hushikwa na zaidi ya mtu mmoja. Mfumo unaofaa humwezesha msimamizi kugawa kwa idara: wahasibu waone za uhasibu, wahariri waone za uhariri. Mtu anapoondoka, ruhusa yake hukatwa mara moja.

Ikumbukwe lakini kwamba kukata ruhusa si kufuta kumbukumbu. Nywila aliyoiona mtu anaweza kuwa ameinakili. Kwa hiyo mfumo bora ni ule unaoonyesha orodha ya nywila ambazo mtu huyo alizifungua, ili zibadilishwe siku anayoondoka. Huu ndio wakati halali wa kubadilisha nywila, tofauti na ile desturi ya kila mwezi.

5.4 Daftari la matukio

Kila kasha linapofunguliwa, mfumo uandike nani, lini, na kutoka kifaa kipi. Lengo lake si kuwapeleleza wafanyakazi. Jambo linapoharibika, daftari hili humlinda asiye na hatia. Katika ofisi ambako watu watano wanatumia nywila moja bila kumbukumbu yoyote, lawama humwangukia mdogo kicheo.

5.5 Dharura na kifo

Je, msimamizi wa kasha akifariki, akiugua au akigombana na mwajiri? Mfumo uruhusu wasimamizi wawili au zaidi, na uwe na njia ya kurejesha akaunti ya mfanyakazi pasipo msimamizi kuijua nywila kuu ya mfanyakazi huyo. Njia nyepesi ni kuchapisha maelezo ya dharura, kuyatia katika bahasha iliyopigwa muhuri, na kuyaweka katika sefu ambayo hufunguliwa na watu wawili pamoja. Kwa wanaotaka uthabiti zaidi, mwanahisabati Adi Shamir alionyesha mnamo 1979 namna ya kugawa siri, tuseme kwa watu watano, hivi kwamba watatu wowote wakikutana wanaipata, ilhali wawili hawaambulii chochote. Wazee wa vijiji vyetu hawakuhitaji hisabati kujua kwamba mali ya ukoo haikabidhiwi mtu mmoja.

5.6 Sheria na uhuru wa kuhama

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka wa 2019 inamdai anayeshika taarifa za watu azilinde kwa hatua zifaazo. Taarifa zikivuja na pakawa na hatari ya kweli kwa wahusika, Kamishna wa Data hana budi kuarifiwa katika muda wa saa 72 tangu uvujaji ujulikane. Faini yaweza kufika shilingi milioni tano au asilimia moja ya mapato ya mwaka uliotangulia, kutegemea ipi ni ndogo. Sheria hiyo inaweka pia masharti juu ya kupeleka data nje ya nchi, na hivyo mnunuzi aulize seva ziko wapi. Hali kadhalika, aulize kama anaweza kuzitoa nywila zake zote na kuhamia kwingine. Kasha ambalo mwenyewe hawezi kulihama limegeuka gereza.

5.7 Lugha ya mtumiaji

Kigezo hiki hakimo katika vijitabu vya wauzaji. Onyo la usalama lisiloeleweka ni sawa na lisilokuwapo. Tumeona makarani wakibonyeza "ndiyo" kwenye kila kisanduku kinachojitokeza kwa sababu maelezo yake yameandikwa kwa Kiingereza cha mafundi. Kampuni iangalie kama programu ina toleo la Kiswahili, na ikiwa haina, iandae mwongozo wake wa ukurasa mmoja. Kazi hiyo inamhitaji mtu anayejua kutofautisha kufunga na kufuta, kugawa na kuhamisha, kusimba na kuficha. Mtu huyo ni mhitimu wa Kiswahili.

6.0 Nywila Kuu na Hazina ya Kiswahili

Usalama wa kasha zima unategemea nywila kuu. Itungweje? Wengi hukimbilia methali. Methali ina urefu wa kutosha, lakini imo katika kila kitabu cha methali, na programu za kubahatisha hujaribu semi mashuhuri kabla ya kitu kingine. Anayeandika harakaharakahainabaraka amejifunga kwa kamba ambayo kila mtoto wa shule anajua kuifungua. Jina la mtoto, timu ya kandanda au mwaka wa kuzaliwa ni hatari zaidi.

Njia bora ilipendekezwa mwaka wa 1995 na Arnold Reinhold. Huandaliwa orodha ya maneno 7,776, na kila neno hupewa nambari ya tarakimu tano. Mtu hurusha dado mara tano na kupata neno moja. Akirudia hadi apate maneno matano, idadi ya michanganyiko inayowezekana ni namba yenye tarakimu 20. Linganisha na nywila ya herufi nane ndogo zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, ambayo michanganyiko yake ni takribani bilioni 208, namba yenye tarakimu 12 tu. Hata hivyo, maneno kama "kinu tausi bahasha mgomba sahani" hukaririka kwa asubuhi moja, na kila msomaji anaweza kujitungia kisa cha kuyaunganisha. Msomaji asitumie mfano huu kwa kuwa umeshachapishwa.

Kiswahili kinafaa sana kwa jambo hili kwa sababu huandikwa jinsi kinavyotamkwa. Lakini orodha nzuri haiwezi kutolewa kamusini kwa kufumba macho. Mtungaji aepuke jozi zinazotatiza matamshi ya wengi, kama vile mahari na mahali, kura na kula, au fahari na fahali. Aepuke maneno ambayo maandishi yake hubadilika kutoka mwandishi hadi mwandishi. Achague nomino katika umoja pekee, kwani anayekariri kitabu asije akaandika vitabu. Aache vitenzi, maana shina moja huzaa maumbo mengi. Aache pia matusi na maneno ya kuudhi, kwa sababu dado hazina haya. Hii ni kazi ya fonolojia, mofolojia na leksikografia kwa pamoja. Chama cha wanafunzi chaweza kuifanya kwa muhula mmoja na kuwapa wasemaji wa lugha hii kitu watakachokitumia kila siku.

7.0 Hatua za Utekelezaji

Baada ya uteuzi, kampuni isikurupuke kuwaingiza wote kwa siku moja. Ianze na watu kumi hivi kutoka uhasibu, ufundi na uhariri kwa muda wa mwezi mmoja. Akaunti za kwanza kuingizwa ziwe barua pepe za wasimamizi, kwa kuwa anayeshika barua pepe anaweza kuomba nywila nyingine zote zibadilishwe. Zifuate benki, ushuru na jina la tovuti. Kila akaunti iliyo na uwezo wa uthibitisho wa hatua mbili iwashiwe uwezo huo, na kasha lenyewe liwe la kwanza. Idhini ya mwisho ya malipo ya benki ibaki nje ya kasha, mikononi mwa watu wawili.

Fauka ya hayo, wakubwa watangulie. Mkurugenzi akiendelea kumtumia katibu wake nywila kwa ujumbe mfupi, hakuna mafunzo yatakayowashawishi wadogo.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba uteuzi wa mfumo wa kutunza nywila ni uamuzi wa kiutawala, wa kisheria na wa kilugha kabla haujawa wa kiufundi. Ni kweli kwamba teknolojia inasonga. Mnamo 2022 Apple, Google na Microsoft zilitangaza kwa pamoja kupanua matumizi ya funguo za siri zinazokaa ndani ya kifaa na kuchukua mahali pa nywila. Hizo nazo zitahitaji kutunzwa, kugawanywa na kurithishwa, na kwa hiyo vigezo tulivyovijadili havitapitwa na wakati upesi.

Tunapendekeza kwamba kila mhitimu anapoingia katika ofisi mpya aulize, kwa adabu na mapema, nani atafungua akaunti fulani iwapo mwenye kuishika hatafika kesho. Jibu likikosekana, kazi ya kuteua mfumo ianze siku hiyo, wakati kila mwenye kuulizwa angali hai na anaweza kujibu mwenyewe. Yule katibu wa Nairobi aliomba radhi mara tatu kabla ya kukata simu, na kosa halikuwa lake.